Wageni wa Jumatatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tamsin alifungua dirisha la chumba chake na kuitundika sare nje ipigwe na upepo, mvua isiponyesha. Mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mvua haikosekani, kwa hiyo siku nyingi alivaa sare inayonuka mafuta ya ng'ombe. Chini ya nyumba yao palikuwa na duka la samaki na chipsi la Bwana Barraclough, ambaye hakutaka kusikia habari ya kukaangia mafuta mengine. Wateja walipanga foleni mpaka kwenye kona. Wao walifungiwa chakula chao wakaenda zao. Harufu ilipanda ngazi na kukaa kwa akina Tamsin, kwenye mapazia, mito na nywele.

"Chipsi kaingia," wenzake walisema darasani. "Leo umetiwa siki au bado?"

Tamsin alicheka nao, maana angenuna wangezidisha. Lakini moyoni alichoka, tena alichoka sana.

Mama yake, Lorraine, alikuwa ameitangaza nyumba hiyo iuzwe tangu majira ya baridi. Alikuwa ameshaona nyingine, yenye ua mdogo, karibu na kwa dada yake, na mwenye nyumba hiyo alikubali kumngojea kidogo. Shida ilikuwa wanunuzi. Walikuja Ijumaa, siku ambayo nusu ya mji hula samaki. Walifika mlangoni, wakavuta pumzi, wakakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Hapo Lorraine akapata akili mpya. Jumatatu Barraclough hafungui duka, basi wageni wakawa wa Jumatatu tu. Jumapili kutwa mama na mtoto walifua mapazia na kusugua kuta, na Jumatatu alasiri mkate uliwekwa kwenye oveni ili nyumba inukie vizuri.

Ndipo alipokuja Bi Enid Sugden. Alikuwa mjane aliyefanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha sufu, na vumbi la kiwanda lilikuwa limemharibu kifua. Alikuwa anaiuza nyumba yake ya kilimani.

"Ngazi zenu hizi naziweza nikienda polepole," alisema akiketi. "Kilima ndicho kinaniua. Sasa niambieni, hao wa chini wakikaanga, moshi haupandi huku?"

"Wameweka feni mpya," Lorraine alijibu. Ilikuwa kweli. Ila feni yenyewe ilitoa moshi chini kabisa ya dirisha la Tamsin.

Bi Enid alimgeukia mtoto. "Sema wewe, mwanangu, unayelala hapa. Kifua changu hiki hakina nafasi ya kukosea."

Tamsin alimtazama mama yake. Mama alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Mtoto akaufikiria ule ua, akafikiria kuingia darasani bila kunuka chochote.

"Hatusikii harufu yoyote, bibi. Utasahau hata kama kuna duka."

"Basi yamekwisha," alisema Bi Enid. "Mtu mzima anayeuza nyumba simwamini hata kidogo. Mtoto namwamini."

Alipoondoka, Lorraine alimkumbatia bintiye. Tamsin hakusikia raha yoyote.

Kwa sheria ya huko, kukubali kwa mdomo hakumfungi mtu. Mawakili huandikiana wiki nyingi, na mpaka siku ya kubadilishana mikataba kila upande unaweza kujitoa. Wiki hizo zilikuwa karibu kwisha Tamsin alipomkuta Bi Enid sokoni, Alhamisi baada ya shule. Kikongwe huyo alikuwa amekumbatia kitambaa cha mapazia na kuegemea nguzo, midomo imemgeuka rangi, anatafuta pumzi. Kibanda cha jirani kilikuwa kinakaanga soseji.

"Ni moshi kidogo tu," alisema alipoweza kusema. "Utapita. Namshukuru Mungu nimepata nyumba yenu. Jumatatu mawakili wanamaliza."

Tamsin akamsogelea. "Bibi, usimalize. Njoo kesho jioni kwanza, duka likiwa wazi. Nilikudanganya."

Ijumaa Bi Enid alikuja. Alifika katikati ya ngazi akaketi, leso mdomoni, akikohoa mpaka wateja wa foleni wakaacha mazungumzo yao. Lorraine alifungua mlango, akamwona, akaelewa. Tamsin alimletea maji.

"Usingoje nikushukuru," Bi Enid alimwambia mtoto. "Ungesema siku ile, ningekuwa nimetafuta pengine. Sasa aliyetaka kununua kwangu hatanisubiri, na baridi itanikuta kule juu kilimani." Akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Nyumba yenye ua ilichukuliwa na watu wengine. Lorraine hakumgombeza bintiye. Baadaye aliwakaribisha wageni siku ya Ijumaa, madirisha wazi. Kijana mmoja anayekaanga kwa Barraclough akainunua nyumba yao kwa bei ya chini, maana yeye alinuka vilevile tayari. Akina Tamsin wakapata nyumba ndogo isiyo na ua, nyuma ya kituo cha mabasi.

Jumapili ya kwanza baada ya kuhama, walipanda kilimani kwenda kuomba radhi. Bi Enid aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, shali mabegani. "Nimesikia," alisema, kisha akafunga mlango taratibu.

Walianza kushuka. Nusu ya njia Lorraine akasimama.

"Mimi nilijua hataniamini," alisema. "Nilipoona anakuuliza wewe, nikanyamaza, nikakuachia useme badala yangu. Umekosa, Tamsin, na ukweli wako ulichelewa, na umeona aliyeumia. Lakini uongo ule ulikuwa wangu. Mtu mzima asikutume kusema anachoona haya kukisema mwenyewe. Hata akiwa mimi, mkatalie."

Tamsin aliitikia kwa kichwa. Mama akamnyooshea mkono, lakini mtoto hakuushika mpaka walipofika chini.