Mabenchi ya Kivulini

"Wangapi leo?" Verity aliniuliza kwenye simu.

"Mmoja."

"Mmoja tu, tangu saa tano?"

"Na mbwa. Mbwa ndiye aliyekaa muda mrefu."

Verity, bosi wangu, hakucheka. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na kidude changu cha kuhesabia watu, pua imekufa ganzi kwa baridi ya Julai, nikiutazama uwanja niliouchora mwenyewe. Mabenchi sita ya mbao safi. Niliyaweka pale ili watu wa Kellaway, kitongoji chetu nje kidogo ya Hobart, Tasmania, wakae, wajuane, waache kuozea ndani na televisheni. Tangu Mei hakuna aliyejuana na mtu.

"Tamsin, Alhamisi halmashauri inaamua. Wanataka pawe maegesho ya magari. Wewe sema watu wa Kellaway hawana mazoea ya kukaa nje. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nikaandika kwenye karatasi: mmoja. Kazi yetu ina sharti lake, anayehesabu hajihesabu. Unasimama kando, hukai, huongei na mtu. Sharti hilo nililibeba hadi nyumbani, ambako tangu Januari sinki lina kikombe kimoja, changu.

Januari ndipo Lachie alipoondoka.

Lachie, jina kamili Lachlan Dwyer, alikuwa mpenzi wangu kwa miaka sita, na ndiye seremala aliyeyatengeneza mabenchi yale. Novemba, kikaoni, mbele ya Verity na wajumbe wote wa halmashauri, aliinua mkono, akaonyesha ukuta kwenye mchoro wangu.

"Tami, ukuta huu utameza jua lote kuanzia Mei. Yahamishe mabenchi upande wa pili."

"Lachie, wewe kaza bolti. Kuchora niachie mimi."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Bolti alizikaza zote. Siku ya ufunguzi, jua la Januari likiwa utosini, watu wakila soseji na kunipongeza, alitupia begi lake kwenye gari akaenda kwa dada yake Huonville. Nilimpigia mara moja. Hakupokea, nami nikajifanya mgumu.

Sasa nilikuwa nageuka nikanunue pai yangu ya nyama, niile peke yangu ndani ya gari kama kila siku, nilipomwona mama mmoja akitoa kiti cha kukunja kwenye buti la gari. Aliyapita mabenchi yote sita, akaenda kukifungua karibu na mapipa ya taka. Wakaja wengine wawili na viti vyao. Wakamiminiana chai. Sikuwahi kuwahesabu, kwa sababu mapipa yako nje ya mpaka wa mchoro wangu.

Nikavuka barabara.

"Samahani mama, mbona mnakaa kwenye mapipa na mabenchi yapo?"

Alinikagua kuanzia kofia hadi viatu. Jina lake Nerida, dereva wa basi mstaafu.

"Wewe si ndiye yule wa karatasi, unayetuchungulia kila siku?"

"Ndimi."

"Hayo mabenchi umeshayakalia?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda kakae, halafu uje unipe habari."

Nikaenda, nikakaa. Baridi ilipenya suruali hadi mfupani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta, upande wa kaskazini, ambako jua letu hupita chini chini majira haya. Mbele yangu kivuli kitupu. Mchoro ule niliutoa Denmark. Kule jua liko kusini, ukuta unawakinga watu na upepo tu. Mimi niliunakili bila kuugeuza, mimi niliyezaliwa Tasmania, kusini mwa dunia, ambako hata mtoto anajua jua la baridi linakaa kaskazini.

Lachie alijua. Nikalia palepale kwenye benchi langu. Nerida aliniletea chai, akarudi kwenye mapipa.

Alhamisi nilikaa kwenye chumba kilekile cha kikao, mbele ya watu walewale.

"Tamsin, kwa nini watu hawakai pale?" mwenyekiti aliuliza.

Verity alinigusa mguu chini ya meza.

"Kwa sababu kuna baridi," nilisema. "Nilinakili mchoro wa nchi ambako jua liko kusini, sikuugeuza. Watu wa Kellaway wanapenda sana kukaa nje. Wanakaa kwenye mapipa, ndiko kwenye jua. Na kuna mtu aliniambia haya humu humu, Novemba. Nikamdhihaki, tukacheka wote. Anaitwa Lachlan Dwyer. Naomba jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

"Umejimaliza," Verity alininong'oneza.

"Nilishajimaliza siku ile."

Walitupa hadi mwisho wa Agosti kuyahamisha mabenchi. Nilipotoka nje nilimwandikia Lachie: "Ulikuwa sahihi kuhusu ukuta. Nimesema mbele yao. Siombi urudi. Naomba msamaha."

Ijumaa nilikula pai ndani ya gari, simu mapajani. Jioni ikalia, alikuwa Lachie.

"Bolti zile huziwezi. Nilizikaza kwa hasira. Kesho saa nne naleta spana."

Alifika na kofia ya sufu niliyomnunulia mimi.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

"Dada anapika."

Tulifungua bolti. Kwenye benchi la tatu ndipo aliponyanyua kichwa.

"Tami, sikuondoka kwa sababu ya jua."

"Najua."

"Niliondoka kwa sababu na wewe ulicheka."

"Najua, Lachie. Nisamehe."

Aliifuta spana muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sijui kama nitarudi nyumbani."

"Sijakuuliza."

Kufika saa sita mchana mabenchi yote yalikuwa upande wa pili, kwenye jua la kaskazini, mawili mawili yametazamana ili watu waonane nyuso. Nerida na wenzake waliyakalia kabla hatujakaza bolti. Wapita njia wanne wakajibanza nao. Nikachukua karatasi na kidude changu nikarudi ng'ambo ya barabara, mahali pangu.

Lachie alinifuata.

"Unafanya nini huku?"

"Nahesabu."

"Wangapi?"

"Saba."

"Lete hicho kidude."

Alininyang'anya, akanishika mkono, akanivusha barabara. Akanikalisha juani, akakaa pembeni yangu, bega lake likagusa langu. Kisha akabonyeza mara mbili.

"Tisa," alisema.