Mguno Ghalani

"Sindano, ondoka hapo. Hilo ni agizo."

Sauti ya mkuu wake ilikwaruza redioni.

Sindano hakuondoka. Wenzake katika idara ya ujasusi walimpa jina hilo kwa sababu akishachoma, hachomoki.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na mbili asubuhi. Saa nne kamili ndege ya mizigo ingeruka na mtoto wa gorila wa miezi kumi, aliyeporwa mgongoni mwa mama yake baada ya mama kupigwa risasi. Tajiri mmoja wa ng'ambo alimtaka awe pambo la bustani.

"Kibali cha upekuzi kimefutwa," mkuu aliendelea. "Amri imetoka juu."

"Juu wapi, Mkuu? Mbinguni?"

Akazima redio.

Mbele yake ghalani, kando ya uwanja wa ndege, yalipangwa makreti arobaini ya mbao, yote yameandikwa vipuri vya matrekta. Wakala wa mizigo, bwana mwenye tai ya hariri na walinzi wawili, alimwambia Sindano achague kreti moja tu afungue. Akikosa, aende zake na kazi aisahau. Alijiamini mno. Alijua mtoto wa gorila akiogopa hujikunyata kimya, kwa hiyo hakumpa hata dawa ya usingizi.

Hakujua kwamba kabla ya ujasusi, Sindano alifuata nyayo za gorila msituni miaka sita. Alijua wanavyotandika kitanda kipya cha majani kila jioni. Alijua dume mwenye mgongo mweupe huweza kumlea yatima yeye mwenyewe. Na alijua salamu yao.

Alipiga magoti, akatoa mguno mzito wa polepole, mara mbili. Gorila akila kwa amani huguna hivyo: niko hapa, usiogope.

Walinzi walicheka.

Kimya.

Akaguna tena, na safari hii aliogopa kweli.

Safu ya nyuma, mguno mdogo ukajibu.

Mkono wa wakala ulizama kotini. Bastola ya Sindano aina ya Glock ilikuwa imeshamwelekea.

"Thubutu," alisema kwa upole.

Hakuthubutu. Sindano alimtia pingu, akamtuma mlinzi mmoja amwambie rubani azime injini, kisha akabandua mbao kwa mtaimbo. Mikono miwili myeusi ikamkumbatia shingoni.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" mkuu alifoka.

"Nampeleka mtoto kwa baba yake msituni."

"Nani kakuruhusu?"

"Mwenyewe kaning'ang'ania shingoni, Mkuu. Njoo umbandue wewe."

Akakata simu, akakatiza uwanja wa ndege taratibu, na hakuna aliyemzuia.