Spika Iliyozimika Katikati ya Mazoezi

Kila alasiri Smaranda aliporudi kutoka shuleni alimkuta baba yake, Costin, amelala chali kwenye zulia la sebuleni, macho kayafumba. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyochezacheza. Costin alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na kwenye kozi yake alielekezwa kufanya hivyo: alione darasa zima kichwani, awasikie watu wakihema, abuni miondoko mipya kabla ya kuinua hata mkono.

"Baba yako leo kafundisha usingizi?" rafiki yake Ilinca alimtania wakiwa kwenye ngazi za ghorofa lao.

"Ndiyo, na kafaulu!" Smaranda akajibu, wakacheka. Lakini moyoni aliona haya. Mtu mzima kulala mchana, eti yuko kazini!

Ijumaa alichukua spika ya baba yake bila ruhusa. Walicheza dansi kwa Ilinca hadi chaji ikakaribia kwisha, kisha akairudisha kimya kimya kwenye mkoba wa baba yake.

Kesho yake Costin alikwenda kujaribiwa katika ukumbi mpya wa mazoezi mjini Bacău. Bi Veturia, mwenye ukumbi, alitaka kumwona akifundisha kwanza ndipo ampe kazi. Smaranda alikaa kwenye benchi akitazama. Mazoezi ya akina mama waliokuja yalikuwa yameshapamba moto, mara spika ikazimika na muziki ukakatika.

"Ndo basi?" mama mmoja aliuliza. "Tukapike?"

Smaranda aliinama, akikumbuka chaji aliyoimaliza jana. Baba yake alifumba macho kidogo tu, akayafumbua.

"Hakuna kupika, mama! Leo tunajifanya tunakung'uta mazulia. Litundike lako kwenye vyuma vya kuanikia vya uani. Haya, lipige! Jirani anachungulia dirishani, lipige zaidi!"

Kicheko kikalipuka, mikono ikapaa. Vishindo vya miguu vikageuka muziki. Wakatoka kwenye mazulia wakaingia kukanyaga zabibu za divai ndani ya pipa, magoti juu, mpaka jasho likawatiririka.

"Uanze Jumatatu," Bi Veturia alisema, akimpa mkono.

Njiani Smaranda alishindwa kuvumilia. "Baba, ni mimi niliyemaliza chaji. Nilichukua spika bila kukuambia. Tena nimekuwa nikikucheka kwamba unalala tu."

Costin alisimama, akamtazama.

"Ningeikosa kazi ile. Unajua?"

"Najua. Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe."

"Lakini yale mazulia uliyafikiria saa ngapi?"

"Siyo leo. Nimeyakung'uta kichwani siku nyingi, nikikosea na kurekebisha. Akili nayo hufanyishwa mazoezi kama misuli, mwanangu. Usimwite mtu mvivu kwa sababu kazi yake huioni. Na cha mtu kiombe. Ukishakosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamwangukia mwenzako."

Smaranda aliitikia kwa kichwa. Akaupokea mkoba mzito kutoka begani mwa baba yake, akaubeba mwenyewe hadi nyumbani.