Lifti Isiyokuwemo Kwenye Filamu

"Hii lifti umeitoa wapi?"

Saa mbili asubuhi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, vifungo vya shati vimepishana, simu kaishika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Lifti gani?"

"Usinichezee. Soma."

Nikasoma. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yametoka gazetini asubuhi ile: "Filamu hii ya kijasusi imelipua helikopta tatu, daraja moja na hoteli nzima. Lakini sekunde zake bora ni zile tisini ndani ya lifti iliyokwama, jasusi anavuja damu huku anamdanganya mama yake kwenye simu kwamba hajambo, yuko kazini, ameshakula."

"Mbona nimeandika vizuri tu?"

"Hiyo lifti haimo kwenye filamu."

"Haimo vipi na mimi nimeiona?"

"Umeiona kwangu! Kwenye kochi langu, mwezi uliopita! Niliikata baadaye, Mama Bajeti alisema inapunguza kasi. Wachambuzi wote kwenye onyesho lenu wameona filamu isiyo na lifti. Wewe peke yako ndiye umepanda lifti!"

Nikakaa.

Mkasi ni mchumba wangu. Jina la utani kapewa na kazi yake: anakata na kuunga picha za filamu. Mama Bajeti ndiye mtayarishaji, bosi wake, na hii ndiyo filamu kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Mimi ni mchambuzi wa filamu. Naingia gizani na kidaftari, najiuliza maswali manne tu. Hadithi inasimama ukiondoa mabomu? Ngumi zinauma au zinapendeza tu? Adui ana sababu au ana kovu tu? Na mtu akifa, yupo wa kumlilia? Bajeti siiulizi, helikopta haijawahi kunitoa machozi.

Sheria nazo ni mbili. Nakala isiyokamilika haitoki chumba cha kukatia. Na mchambuzi anaandika kile alichokiona kwenye onyesho rasmi, basi.

"Lete kidaftari," Mkasi akasema.

"Cha nini?"

"Lete."

Akafungua ukurasa wa siku ya onyesho. Palikuwa pameandikwa: "Boti mbili. Ngumi zinauma. Adui ana ko..." Baada ya hapo mstari wa kalamu uliteremka mpaka nje ya karatasi.

"Ulilala."

"Nilisinzia."

"Muda gani?"

"Taa zilipowaka nilikuwa macho."

"Wewe mwanamke! Saa mbili na dakika kumi za kazi yangu!"

"Si nilikuwa nimeshaiona? Nikajua ni ileile, nikaandika kwa kumbukumbu."

"Halafu ukanipa nyota mbili."

"Nimeipa filamu."

"Filamu ni mimi! Miezi kumi na moja nimekaa humo kama popo!"

"Ungekuwa wewe ningekupa tatu."

Hakucheka. Simu yake ikalia, ujumbe wa Mama Bajeti umeingia. Akanionyesha.

"Saa sita ofisini kwangu. Nakala yenye lifti tulikuwa nayo watatu: mimi, mwongozaji na wewe. Njoo na maelezo. Filamu ijayo ilikuwa yako, sasa sijui."

"Nitakwenda na wewe," nikasema.

"Usije. Ukija ndiyo utamaliza kabisa." Akanishika bega. "Tulia, Mchokozi. Nitaliweka sawa. Harusi wiki tatu zijazo, siwezi kukuacha upate tabu."

Akaondoka.

Saa sita na nusu mama yake akanipigia.

"Mkwe, nasikia umempa mwanangu mbili."

"Nimeipa filamu, mama."

"Mbili kati ya ngapi?"

"Tano."

"Alipokuwa shule akileta mbili kati ya tano namfungia nje."

"Mama, pole..."

"Mbona unanipa pole? Nauliza kama alistahili."

"Kuna kipande kizuri sana alikiunga, wakamlazimisha akitoe."

"Na akatoa?"

"Akatoa."

"Haya. Ndiyo alivyo. Ukimkazia macho anatoa hata shati."

Nikacheka. Saa nane sikuwa nikicheka tena. Alipiga mhariri mkuu wetu. Tunamwita Bosi Nukta kwa sababu hana koma kwenye maneno yake.

"Uko kwenye kiti?"

"Niko."

"Nimeletewa barua. Nasoma. 'Mchumba wangu alifungua kompyuta yangu nikiwa nimelala, akaangalia nakala isiyokamilika bila ruhusa wala ufahamu wangu.' Imesainiwa. Sahihi unaijua?"

"Naijua."

"Mtayarishaji anataka usiingie tena kwenye onyesho lolote la wachambuzi. Akifanikiwa huna kazi. Sasa niambie. Uliiba?"

"Sikuiba, bosi. Alinikaribisha mwenyewe. Alizima taa, akaniwekea na mto."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Kwenye onyesho rasmi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nililala."

"Mungu wangu. Andika masahihisho. Ukurasa unafungwa saa kumi na mbili."

Nilimkuta Mkasi chumba cha kukatia, dirisha limefunikwa na blanketi jeusi, skrini mbili zinawaka usoni kwake. Aliponiona akasimama, kisha akakaa tena.

"Nisikilize kwanza," akasema.

"Nasikiliza."

"Waliniwekea karatasi na kalamu."

"Na mkono wakakushikia?"

Akageukia skrini.

"Ulisema utaliweka sawa. Ndiyo hivi?"

"Nilijua wewe una jina, gazeti litakutetea. Mimi nikitoka hapa sina kitu. Nikasema nikipata filamu ijayo nitakulipa fadhila..."

"Fadhila? Umeniita mwizi kwa maandishi, Mkasi! Tena nikiwa mkeo mtarajiwa!"

"Nilipata hofu."

"Hata mimi ninayo hofu. Lakini sijamtaja mtu. Hapa nimeshaandika masahihisho yangu. Soma."

Nikampa simu. Akasoma kwa sauti ya chini:

"Jana niliipa filamu nyota mbili huku nikiwa nimelala kwenye onyesho lake. Lifti niliyoisifu niliiona kwenye nakala ya awali. Nyota zote mbili nazifuta. Nitakata tiketi, nitaiangalia nikiwa macho, nitaandika upya. Nawaomba radhi wasomaji, na wote walioitengeneza."

"Hujasema nani alikuonyesha," akasema.

"Sijasema. Kulala ni kwangu, nimekubali mbele ya watu wote. Wizi si wangu. Barua unaijua wewe. Ukurasa unafungwa saa kumi na mbili, na saa unaiona pale ukutani."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya kibodi yake, nikatoka.

Masahihisho niliyatuma saa kumi na moja. Bosi Nukta alipiga baada ya dakika kumi.

"Mtu wako alikuwa kwa mtayarishaji. Ameiondoa barua. Ameandika nyingine: 'Nakala nilimwonyesha mimi, kwa hiari yangu, kwa kuwa nilitaka mtu mmoja aione lifti kabla sijaikata.' Nakala yake ninayo hapa."

"Na filamu ijayo?"

"Kapewa mtu mwingine. Na wewe usijione umepona. Miezi miwili utaandika hali ya hewa. Huko ukilala, mvua itanyesha tu."

Kesho yake nilikwenda sinema peke yangu, kiti cha katikati, kidaftari magotini. Niliangalia mpaka jina la mwisho lilipopita kwenye skrini. Hadithi inasimama nusu. Ngumi zinauma. Adui ana kovu tu. Akifa mtu, hakuna wa kumlilia, kwa sababu yule mama wa kwenye simu hayupo tena. Nikaandika: nyota moja na nusu. Gazetini ikatoka hivyohivyo, kipande cha mwisho kabla ya mvua na jua.

Siku hiyohiyo ilipotoka, mama yake Mkasi akaniita nyumbani kwake. Nikamkuta Mkasi kakaa kwenye kigoda kama mtoto aliyevunja chungu, pete iko mezani.

"Mwambie mwenzio ulichoniambia mimi," mama akasema.

"Mama, anajua..."

"Asikie kutoka mdomoni mwako!"

Mkasi akaniangalia. "Nilikusingizia. Nilijua ni uongo, nikaweka sahihi. Nilirudi kuiondoa barua, lakini nilichelewa saa nne nzima, na hizo saa nne ulikaa peke yako. Moja na nusu nimeisoma. Ni haki. Nisamehe."

Mama akanigeukia.

"Mwanangu, sikulazimishi. Huyu ni damu yangu, lakini nimemwona alivyo. Bado unamtaka?"

Nikamwangalia. Shati limefungwa sawa leo. Kazi kubwa aliyoililia mwaka mzima kaitupa kwa barua ya mistari miwili, na hakuna aliyemshikia mkono.

"Namtaka, mama. Ila harusi isogee miezi mitatu."

"Mitatu tu? Mimi ningemwekea mwaka."

"Mitatu inatosha," Mkasi akasema haraka.

Tukamgeukia wote wawili kwa pamoja:

"Wewe hujaulizwa!"