Kutu kwenye Mlango wa Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipochuma majani ya msasa nyuma ya nyumba yangu, pale Bunda. Mnacheka? Chekeni. Miaka ile hata sabuni ilikuwa hadithi madukani, msasa wa karatasi ungetoka wapi? Sisi mafundi rangi tulirudi kwenye majani ya mti, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Majani, ndimu, majivu, na mafuta ya taa kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa gereji yangu.

Gari lilikuwa Pijo nyeupe ya Mzee Nyamhanga, mnunuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Butiama. Bodi safi kabisa, isipokuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Karibu na kitasa kulikuwa na madoa madogo ya kutu, kama punje za mtama, yamejipanga kama alama za mtu aliyeshika mlango kwa vidole vilivyolowa.

"Yatoe leo," mzee aliniambia. "Alfajiri nampeleka mkeo Musoma."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Mke wangu Dorotea alikuwa amebakiza siku chache kujifungua, na watoto wetu wawili wa kwanza tuliwazika siku waliyozaliwa. Nesi wa zahanati alisema safari hii lazima azalie hospitali ya Musoma. Kwa usafiri gani? Petroli ilitafutwa kama dawa, na mwenye nayo alikuwa Nyamhanga. Angeniambia nililambe gari lile, ningelilamba.

"Ila fundi," akanong'ona, "ukisugua pale, ukisikia mtu anakuita... usiitike."

"Mzee, mimi Mkristo."

"Na Wakristo wanaitwaga."

Akaenda zake nyumba ya jirani alikofikia. Nikacheka. Mimi Clementi nisiitike? Mtaa mzima unanijua, mpita njia akikohoa tu mimi namjibu marahaba!

Nikaanza kusugua.

Doa la kwanza lilitoka kirahisi mno. Hapo hapo nilipaswa kushtuka. Kutu ya kweli inakula bati, ukiisugua unakuta kishimo. Hii haikuwa na kishimo. Chini yake rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Na maji yaliyochuruzika yalikuwa vuguvugu. Nikanusa vidole.

Damu.

Siyo damu ya machinjioni. Ni ile ya uzazi, ambayo nilikuwa nimeinusa mara mbili ndani ya nyumba yangu.

Nikajiambia ni njaa tu, endelea, fundi. Giza lilikuwa linaingia. Ndani nilimsikia Dorotea akihema. Vyura walikuwa wanapiga kelele mtaroni... kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Kiti cha nyuma cha gari kikalia. Kwiii... Kama mtu anajigeuza, anatafuta pa kulaza mgongo.

Nikachungulia kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu.

Lilibaki doa moja, na alfajiri ilikuwa safari. Nikakandamiza jani. Nikasugua. Likafutika. Nyuma yangu ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, imechoka sana.

"Hodi..."

Na mdomo wangu huu! Hata kugeuka sikugeuka.

"Karibu mama, karibu sana."

"Umenitoa," ikasema. "Sasa nikae wapi?"

"Aah, kaa popote, mama. Hapa ni kwako."

Ndivyo tunavyosema, jamani. Ndivyo tulivyolelewa. Maneno yalitoka kabla sijayafikiria. Nikageuka nimpatie kigoda.

Hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na nyayo. Za mtu peku, zimelowa, zinatoka kwenye mlango wa gari hadi kizingiti cha nyumba yangu. Za kurudi hazikuwepo.

Nikakimbia ndani. Dorotea alikuwa amekaa kitandani, ananukia samli aliyojipaka, mikono tumboni, anakodolea macho giza.

"Clementi," akanong'ona, "mgeni gani huyu umemleta? Ana baridi..."

"Yuko wapi?"

Alinishika mkono, akauma meno. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nilimtoa Mzee Nyamhanga kwenye chakula. Alipouona mlango mweupe pee, akatabasamu. Kisha akaniangalia usoni.

"Uliitika?"

"Nilikaribisha mgeni tu, mzee."

Akavua kofia. Nilidhani atanipiga, kumbe alikuwa anatafuta pa kushika.

"Wankyo," akasema. "Mke wangu. Nilikuwa nampeleka Musoma kujifungua, petroli ikaisha njiani. Aliushika mlango ule mpaka..." Akaikunja kofia. "Nilikuwa nimechoka kuyaona madoa yale, fundi. Nilitaka nilale."

"Sasa tufanyeje?"

"Twende. Safari hii petroli ipo."

Tukamlaza Dorotea kiti cha nyuma, nikakaa naye. Nilimshika mkono njia nzima, naomba kila sala ninayoijua. Tulipopita njia panda ya Butiama mkono ukawa wa baridi. Nikaliita jina lake. Kisha ukapata joto tena, ukanikaza kwa nguvu nisiyoijua, na mke wangu akapiga kelele.

Kwa Kizanaki, lugha ya kwao Nyamhanga.

Dorotea ni Mjita wa Kiriba. Kizanaki hakukijua hata salamu. Gari likayumba. Nyamhanga akamjibu kwa Kizanaki, analia kama mtoto. Wakaongea. Wakaongea mpaka taa za Musoma. Mimi, msemaji wa Bunda nzima, nilikaa katikati ya maneno yao bila kuelewa hata moja.

Mtoto alilia kabla manesi hawajajipanga. Wa kike, mzima, mwenye sauti! Nilipiga magoti pale kwenye korido nikalia kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nimekisubiri kilio kile.

Nikaingia wodini. Sura ilikuwa ya Dorotea, na mwanangu alikuwa kifuani kwake. Akaniangalia kwa adabu.

"Shikamoo, baba," akasema.

Kisha akamtazama Nyamhanga nyuma yangu, akatabasamu.

"Mume wangu, tumefika."

"Nesi," nikasema, "huyu siyo mke wangu."

Nesi akacheka. "Wanaume nyie, mkiona damu akili zinaruka. Nenda nje ukapunge upepo."

Nikatoka. Pijo ilikuwa chini ya taa ya wodi. Nilijua nitakachokikuta, lakini miguu ikanipeleka.

Mlango wa nyuma, kushoto, karibu na kitasa. Madoa mapya. Mabichi. Nikainama nikayanusa. Hayakunuka damu. Yalinuka samli, ile aliyojipaka Dorotea jioni.

"Doro..." nikaita.

Nyamhanga akaja akasimama kando yangu. "Yasugue," akanong'ona. "Huenda atatoka."

"Akitoka akae wapi?"

Kutoka dirishani tulimsikia mwanangu akinyonya kwa pupa, kama mtoto mwenye mama.

Tuliporuhusiwa kurudi, yule mwanamke alikaa mbele na mtoto wangu. Mimi nikakaa nyuma, kushoto. Nikashusha kioo, nikatoa mkono nje, nikaweka vidole vyangu juu ya madoa, kila kidole na doa lake, vumbi lisije likayafuta. Yalikuwa na joto. Sikuutoa mkono mpaka Bunda. Watoto wa Kiabakari walidhani nawapungia, wakapunga.