Kibao Mlangoni mwa Kabati

"Sindano, maji yamezidi unga."

Redio ikanyamaza. Jasusi Sindano, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, hakuhitaji zaidi. Adui ameshaingia kituoni.

Casio mkononi ilisema saa tatu kasoro dakika mbili.

Mita tisini chini ya bahari, wazamiaji watatu walikuwa wakiunga kebo ya kupeleka umeme kwenye pampu za mafuta. Kebo hiyo ilianzia hapa nchi kavu, katika chumba cha swichi. Saa tatu kamili, mtu alitaka kuiwasha mikononi mwao. Kampuni ya kigeni iliyonyimwa mkataba ilitaka maiti, mradi ufe.

Sindano akaupiga mlango teke.

Jitu la miraba minne likamrukia na bisibisi. Akainama, akalivunja goti. Kitako cha bastola yake ya Beretta kikamaliza maongezi.

"Lala, baba."

Ndani ya kabati la swichi, kisanduku cheusi kilihesabu. Sekunde arobaini. Kimefungwa kitaalamu, ukikigusa tu kinawasha.

Akakimbilia mkono wa swichi kuu, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote.

Kituo kizima giza.

Kisanduku kikalia ta! Umeme wa kupeleka haukuwepo.

"Wazamiaji?"

"Wazima wote," redio ikajibu.

Ndipo kurunzi yake ikamulika kibao mlangoni mwa kabati: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Mafundi umeme hawagusi waya kabla ya kutundika kibao chenye picha yao, wasije wakapigwa shoti na mwenzao. Baada ya miaka ishirini, mkono hutundika wenyewe, hata kwenye uhalifu. Huyu aliyefunga kisanduku alisahau kukitoa.

Picha ilikuwa ya kaka yake, fundi umeme wa kituo hiki.

Damu nzito kuliko maji, eti! Waongo wakubwa.

Akamkuta maegeshoni, Toyota imegoma kuwaka.

"Mdogo wangu, nisikilize kwanza..."

"Ulijitundikia kibao usipigwe shoti. Wale watatu chini uliwatundikia nini?"

Sindano akaifunga pingu mikono iliyomfundisha kuendesha baiskeli.

"Mama utamwambia nini?"

"Kwamba alizaa wawili, amebaki na mmoja."

Akamkabidhi kwa askari. Akavaa miwani ya jua, watu wasimwone macho, akaondoka bila kugeuka.