Eksteno ya Mama Chediel

Kila akitoka shule, Loyce alipitia studio ya picha ya mama yake, Mama Chediel, pale Utemini. Alivua viatu mlangoni, akawaamkia wateja waliokaa kwenye benchi, shikamoo, shikamoo, mpaka mtu wa mwisho, kisha akaingia chumba cha ndani kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kunakili picha za siku hiyo kwenye eksteno, ile diski ndogo ya kubebeka ambayo mama yake aliinunua ili kila picha iwe na nakala ya pili. Jioni eksteno ilifungwa ndani ya kitenge na kwenda kulala nyumbani. Wezi wakivunja studio, wangechukua kompyuta, lakini picha za watu zingebaki.

Miaka ile picha za dijitali zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia Singida, na kila mwenye mtaji kidogo alifungua studio. Mama Chediel hakuogopa washindani. Alijulikana mjini na vijijini kwa jambo moja: hapotezi picha ya mtu. Ukija mwaka kesho kutafuta picha ya harusi yako, utaikuta.

Na kwa kuwa upepo wa Singida ukianza vumbi haliombi ruhusa, alimwita seremala, mzee Naftali, akaitengenezea kompyuta sanduku la mbao. Mbele liliachwa wazi kidogo kwa ajili ya kuwashia, nyuma likawekwa mlango na kufuli, na juu Mama Chediel akatandika kitambaa alichodarizi mwenyewe. Wateja walimtania kwamba kompyuta yake imejengewa nyumba.

Basi, ikafika siku ya balaa. Kompyuta iliamka asubuhi ikikwaruza tumboni, krr, krr, krr. Fundi wa kompyuta aliitwa, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, diski ya ndani inakata roho. Hamisha kila kitu leo leo. Ikizimika, siahidi kwamba itawaka tena."

Mama Chediel alishika kiuno. Ndani ya kompyuta ile zilikuwamo picha za kipaimara cha Kinampanda, watoto wote wa usharika na mavazi yao meupe, na mabibi na mababu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote wakasimama nao. Zilikuwa hazijasafishwa hata moja. Wala hazikuwa kwenye eksteno, maana kwa majuma kadhaa eksteno ilikuwa imeanza uvivu wa ajabu. Kazi iliyokuwa ikiisha upesi ilianza kuchukua mchana kutwa, na kabla haijaisha umeme wa mgao unakatika. Na leo pia, jioni, umeme ungekatika.

Loyce alipofika kutoka shule alikuta mama yake ameanza kunakili mwenyewe. Mstari wa kijani kwenye kioo ulikuwa unatambaa kama konokono mgonjwa.

"Utamaliza lini wewe?" mama alifoka, kana kwamba mstari una masikio. "Kipaimara kinarudiwa? Nitawaambia nini watu wa Kinampanda, wabatizwe upya?"

Loyce naye alipandwa na hasira. Alijua mkosaji ni nani. Kaka yake Chediel, wa kidato cha pili, alikuwa na tabia ya kuleta flashi za rafiki zake na kujaza nyimbo. Wakati huo huo Chediel aliingia, flashi inaning'inia shingoni. Loyce alitoka mbio mpaka kwenye benchi la wateja na kumvaa hapo hapo.

"Ni wewe! Wewe na flashi zako chafu! Umetuingizia virusi, umeiua kompyuta ya mama! Mharibifu mkubwa wewe!"

Wateja wakageuza shingo. Chediel alifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshatokea mlangoni.

"Toka mbele yangu, Chediel. Toka kabla sijakukamata!"

Kijana alitoka nje, akaenda kukaa barazani na mgongo wake ukiwatazama.

Nyimbo zote zikafutwa. Kompyuta ikasafishwa virusi kwa ile programu aliyoiacha fundi. Wakaanza kunakili tena. Mstari ukatambaa vile vile, haukuongeza hata unyayo.

"Basi ni sanduku hili!" mama alisema. Alitupa kitambaa pembeni, akafungua kufuli, akaachia mlango wa nyuma wazi. "Joto linaipika." Wakasubiri. Hakuna kilichobadilika, ila vumbi liliingia na Loyce akapiga chafya. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na ndani ya kompyuta krr, krr haikunyamaza.

Mama alimeza hasira yake kwa shida. "Chediel! Hebu njoo uangalie."

Chediel alisimama mlangoni bila kuingia. "Mimi si mharibifu? Si nimeambiwa nitoke?"

"Chediel, nitakuchapa na ukubwa wako huo. Njoo!"

Aliingia, uso ameukunja. Alisimamisha kazi, akachomoa eksteno, akaichomeka tena pale pale mbele ilipokuwa. Mara, kwenye pembe ya chini ya kioo, kikatokea kijisanduku chenye maandishi. Mkono wa Loyce uliruka wenyewe kwenye mausi ili kukifunga. Chediel akaudaka.

"Acha! Unafunga nini?"

"Kinakuja kila siku. Ni Kiingereza tu."

"Kila siku? Na kila siku unakifunga?"

"Kinaziba picha," Loyce alijibu kwa ukali, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

Chediel aliinama, akasoma neno kwa neno, kisha akawatafsiria. "Inasema kifaa hiki kinaweza kufanya kazi haraka zaidi ukikichomeka kwenye tundu la kasi." Akazunguka nyuma ya sanduku, akaingiza kichwa kwenye ule mlango uliokuwa wazi. "Mama, matundu ya kasi ni haya aliyoongeza fundi mwaka jana. Yako huku nyuma, matupu. Ya mbele ni ya zamani, yanakwenda polepole. Nani alihamisha waya?"

"Naftali!" Mama Chediel alipiga paja. "Nani mwingine? Amepigilia misumari yake, amechomoa waya wangu, akachomeka anapojua yeye! Mzee mzima! Nakwenda kwake sasa hivi, leo atanitambua." Alikuwa anafunga kanga kiunoni kwa nguvu, na kila mtu pale mtaani alijua Mama Chediel akifunga kanga namna ile hakuna wa kumzuia.

Loyce ndiye aliyehamisha waya. Jumamosi moja, alipofungua sanduku kufuta vumbi, aliuona waya wa eksteno ukining'inia nyuma ya meza, mahali ambapo kila siku ilimbidi apige magoti na kutambaa vumbini ili auunganishe. Akauchomoa na kuuhamishia mbele ili afanye kazi akiwa amekaa kitini. Mama alikuwa ameonya, nyaya za nyuma zisiguswe. Hakuna aliyemwona, na hakuna ambaye angejua. Angenyamaza tu, mzee Naftali angetukanwa mbele ya mkewe na wajukuu, na yeye Loyce angelala usingizi wake.

Alimtazama Chediel, ambaye hata sasa hakutaka kumtazama.

"Mama, siyo mzee Naftali," alisema. "Ni mimi. Niliona uvivu kuinama."

Mama aligeuka polepole. Loyce alisubiri kofi. Halikuja, lakini macho yale yalikuwa mabaya kuliko kofi.

"Chomekeni waya nyuma," mama alisema kwa sauti nzito. "Nyie wawili. Halafu tutaongea."

Chediel aliushika waya, Loyce akainama kummulikia. Wakaanza upya kunakili. Safari hii mstari wa kijani ulikimbia. Folda ya harusi ikaisha, ikaja ya mahafali, na mwishoni ikaingia Kinampanda yote, mtoto baada ya mtoto. Kazi ilipokamilika, Mama Chediel aliichomoa eksteno mwenyewe, akaifunga ndani ya kitenge, akaikumbatia kifuani. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Baada ya muda kidogo umeme ukakatika, na krr ile ikanyamaza.

Hasira ya mama haikukatika pamoja na umeme.

"Loyce, nisikilize. Uvivu wa kuinama ulikuwa kosa dogo. Ungeniambia, ningekugombeza na tungesahau. Lakini kompyuta ilikuwa inakueleza shida yake kila siku, wewe unaifunga mdomo, halafu unafungua wa kwako kumtukana kaka yako. Mambo yakiharibika, anza kuchunguza mikono yako mwenyewe kabla hujanyooshea mtu kidole. Umesema kweli leo, na umemwokoa mzee wa watu. Hilo nimeliona. Ila hujamaliza."

Kisha akamgeukia Chediel. "Na mimi nilikufukuza bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Chediel aliitikia kwa kichwa tu.

"Wewe," mama alimwambia Loyce, "ulimtukana pale kwenye benchi. Nenda ukamwombe radhi pale pale."

Loyce alitoka. Wateja waliokuwa wakisubiri picha za pasipoti walikuwa bado wamekaa, na Chediel, aliyemfuata nje, akasimama mbele yao amekunja mikono. Loyce akainamisha kichwa.

"Kaka, nisamehe. Kosa lilikuwa langu," alinong'ona.

Bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi aliweka kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Ulipokuwa unamtukana tulikusikia wote."

Loyce akainua uso uliojaa machozi, akavuta pumzi, akasema tena kwa nguvu.